Isibebwe, Isivutwe: Loreng Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Tangu nirudi, kibaraza changu cha kushonea kimegeuka mahakama. Mtu anakuja kumpimia mtoto wake sketi, lakini kabla sijashika futi ananiuliza, "Akiru, ni kweli mliombea pikipiki?" Karibu kweli. "Na ni kweli ilivuka maji juu ya mabega ya watu?" Hiyo ni kweli tupu. Nimechoka kueleza vipande vipande, huyu apewe kichwa na yule apewe mkia, kwa hiyo nimeandika yote mara moja. Someni, kisha mniache nishone sare, shule zinakaribia kufunguliwa.

Kwa asiyetujua: Loreng ni pikipiki ya baba yangu. Ni nyekundu, au ilikuwa nyekundu kabla jua halijaila rangi, na umri wake unakaribia wangu, nami wangu siutaji. Baba alikuwa katekista na alizunguka nayo vigango vyote vya kanisa mpaka Kaikor. Ili ainunue aliuza ng'ombe, na kati yao alikuwemo maksai wake wa kipenzi, Loreng, yaani yule mwekundu. Mwanamume kwetu huitwa kwa maksai wake, na baba mpaka leo ni Apaloreng. Maksai akaenda zake, jina likahamia kwenye pikipiki. Miguu ya baba ilipokataa kazi, alikwenda kuishi kwa kaka yangu Ewoi kule Kakuma, na Loreng akabaki nami Lodwar.

Ewoi haipendi pikipiki hiyo hata kidogo, kwa sababu kila inapozima njiani mtu ninayempigia simu ni yeye. Mwezi uliopita ikaanza ugonjwa mpya. Inakwenda vizuri, kisha nguvu zinapungua polepole, unafungua mafuta mpaka mwisho na bado inazidi kulegea, kisha kimya. Ukingoja kidogo na kuhangaika nayo, inawaka. Ewoi aliposikia akasema yametosha, ameshapata mnunuzi wa vyuma chakavu. Tulibishana kwenye simu mpaka salio likaisha, akanipigia yeye, tukaendelea kubishana kwa salio lake.

Mwisho tukakubaliana. Jumamosi niilete mwenyewe. Ikifika Kakuma kwa magurudumu yake kabla ya saa kumi, ni yangu na hataisema tena maishani. Ikibebwa au ikivutwa au ikichelewa, mnunuzi ataichukua popote ilipolala.

"Na utakuja na Baba mdogo," alisema Ewoi. "Yeye ndiye shahidi. Wewe nakujua."

Lodwar: shahidi anapanda

Baba mdogo Ekeno ni mdogo wake baba, mzee wa kanisa, na ana kasoro moja kubwa: hajui kusema uongo. Ukimwambia asiseme kitu, hatakisema, lakini akiulizwa atajibu, tena kwa ukamilifu. Alikuja saa moja asubuhi amevaa koti la suti juu ya shuka, kigoda chake mkononi, na kifurushi cha samaki wakavu wa Longech, kule ziwani, cha kumpelekea Ewoi. Harufu ya samaki hao ilifika kabla yake.

"Masharti nimeyasikia," alisema akijipanga nyuma yangu. "Isibebwe, isivutwe. Kusukumwa je?"

"Kusukumwa si kubebwa."

Alifikiri. "Kusukumwa nakubali. Hata mgonjwa hushikwa mkono akatembea."

Tukaondoka kwa kishindo. Ningesema tuliruka kama mshale, lakini shahidi asingekubali, maana kabla hatujavuka mto Kawalase tulikuwa tumesimama mara tatu awasalimie watu. Baba mdogo hawezi kupita mtu anayemfahamu, na anafahamu kila mtu. "Ejok-a?" "Ejok-noi!" Kisha habari za mbuzi, za watoto, za mvua, za mbuzi tena. Mimi nimeshika klachi mpaka vidole vinakufa ganzi.

"Baba mdogo, saa kumi!"

"Saa kumi ni ya jioni," alinijibu. "Salamu ni za sasa."

Na kusema kweli, lami ilikuwa tupu, hewa bado na ubaridi kidogo, injini inanguruma vizuri, nami nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nikiimba ndani ya kofia.

Mara ya kwanza: fundi ni mimi

Mji ulikuwa umeshapotea nyuma yetu Loreng alipoanza. Kwanza alilegea. Nikashusha gia, akajikaza. Nikafungua mafuta yote, akakohoa mara mbili, akazima. Upepo ukasikika. Mbuzi watatu waliokuwa wakila mgunga wakageuka kututazama.

"Imefika Kakuma?" aliuliza Baba mdogo. Huo ndio mzaha wake wa pekee siku ile, na aliurudia kila tulipokwama.

Mimi si mgeni kwenye pikipiki. Baba alinifundisha kufungua plagi kabla hajanifundisha Sala ya Bwana vizuri, na mashine za kushona ninazitengeneza mwenyewe. Nikaanza pale kila mtu anapoanzia: mafuta yapo? Kifuniko cha tangi kilikuwa kimekaza, nikakizungusha kwa nguvu, kikaachia kwa mlio mrefu, *fyuuu*. Nikatoa karatasi ya nailoni, nikachungulia. Tangi karibu limejaa.

Hapa nieleze hiyo karatasi, maana wengine mliiona na mkanisifu. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekwisha, na jua la Lodwar hunywa petroli kuliko injini yenyewe. Kwa hiyo nilichukua karatasi ya mkate, nikaikunja mara mbili, nikaibana chini ya kifuniko. Harufu ya petroli ikakoma. Wazo lilikuwa langu mwenyewe na nilijivunia sana.

Nikarudisha karatasi, nikafunga vizuri, nikafungua plagi. Ilikuwa nyeusi kidogo. Nikaisugua kwa ukingo wa kanga, nikaipuliza, nikairudisha, nikapiga kiki. Loreng akanguruma kana kwamba hajawahi kuugua.

"Plagi!" nilimpigia kelele Baba mdogo. "Ni plagi tu!"

Niliendesha nikijipongeza kwa sauti. Nikampangia Ewoi hotuba nzima, yenye utangulizi na hitimisho.

Mara ya pili: dereva wa vitunguu

Hotuba haikumalizika. Tulipokuwa tunapanda mwinuko, nguvu zikaisha tena, vilevile, polepole. Nikatoa plagi. Safi! Nikaitazama, ikanitazama.

Lori la vitunguu lilisimama. Dereva alikuwa mtu wa kutoka Kitale, mnene, mcheshi, taulo shingoni. Alishuka hata bila kuombwa.

"Pole, madam. Inakosa nguvu ama inazima mara moja?"

"Inakosa nguvu, kisha inazima."

"Hapo ni mafuta chafu." Akafungua tangi, *fyuuu*, akanusa, akatumbukiza kidole akakinusa nacho. Aliiona karatasi yangu. "Hii nayo ni akili! Vumbi haiingii." Akairudisha kwa heshima, akakaza kifuniko kwa mkono wake mkubwa. Kisha akalegeza skrubu chini ya kabureta, akaacha petroli idondoke mchangani, akaonyesha vipunje viwili vya mchanga. "Unaona? Hiyo ndiyo inakunyonga. Piga sasa."

Nikapiga. Ikawaka mara ya kwanza.

Dereva alifurahi kuliko mimi. Alitupa vitunguu, tukampa samaki, kwa sababu Baba mdogo hawezi kupewa kitu akabaki mikono mitupu. Halafu yule bwana, kwa moyo safi kabisa, akasema maneno ya hatari: "Lakini mbona muumie? Lori iko na nafasi nyuma. Tunainua, tunafunga, saa hii mko Kakuma. Mwambie mzee wako apande mbele, yeye na wewe."

"Si mzee wangu. Ni baba yangu mdogo."

"Aii, pole! Mimi nilikuwa nashangaa, nasema huyu dada ameolewa na babu."

Baba mdogo, ambaye mgongo ulikuwa unamuuma waziwazi, alilitazama lile lori kwa macho ya mtu aliyefunga chakula siku nzima. "Mimi sishauri," alisema taratibu. "Mimi ni shahidi. Lakini nikiulizwa kama kiti cha mbele kilionekana laini, nitasema kilionekana laini."

Nilikataa. Lori likaondoka na honi ndefu, na nikaona Baba mdogo analisindikiza kwa macho mpaka likawa nukta.

Mara ya tatu: maombi

Mara ya tatu jua lilikuwa limekaa sawasawa utosini. Tulikuwa tumefika penye vibanda vichache na magunia ya mkaa kando ya barabara. Loreng alizima hatua chache kabla ya kivuli, tukamsukuma, shahidi naye akisukuma, kisha Baba mdogo akajilaza chini ya mti wa miba, shingo juu ya kigoda, macho yamefumbwa. Mimi nikapiga kiki mpaka nikaona nyota mchana.

Machozi yalinitoka. Nawaambia bila aibu. Nililia kwa hasira, halafu nikacheka kwa sababu nilikuwa nalia, halafu nikalia tena.

Muuza mkaa mmoja alikuja, mama mwenye shanga mpaka kidevuni na sauti ya kuita mifugo. Aliitwa Mama Esekon. "Mafuta iko?" aliuliza, na kabla sijajibu ameshafungua tangi, ameshatikisa, ameshachungulia. "Iko." Akafunga, na karatasi yangu akaiweka vizuri. Ndipo akamwona Baba mdogo chini ya mti. Uso wake ukabadilika.

"Anaumwa tangu lini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Mimi nilikuwa nainama kwenye kabureta, nikadhani anaulizia pikipiki. "Tangu mwezi uliopita."

"Anasikia nini?"

"Anaishiwa nguvu. Anakwenda vizuri, halafu polepole, polepole, anazima."

"Uuui! Na mnampeleka wapi?"

"Kakuma. Kaka yangu anataka kumuuza kwa vyuma chakavu."

Nadhani aliamua kwamba huzuni imenivuruga akili, kwa sababu alinishika bega kwa huruma, akaita wenzake wawili, wakaenda wakamzunguka Baba mdogo na kumwekea mikono. Maombi yalikuwa marefu na ya nguvu. "Baba, rudisha nguvu! Rudisha nguvu ndani ya huyu mtumishi yako! Asizime njiani!" Baba mdogo alifungua jicho moja. Alinieleza baadaye kwamba hakuona sababu ya kuwakatiza watu wanaosali, na kwamba yeye pia nguvu alizihitaji. Kila palipohitajika amina, aliitikia amina.

Wakati huohuo mimi, bila kujua kinachoendelea nyuma yangu, nilipiga kiki ya mwisho. Loreng akanguruma. Baba mdogo akashtuka, akaruka akasimama wima.

Sitasahau kelele za wale akina mama. Vigelegele, makofi, mmoja anaruka ngoma. "Amesimama! Amesimama!" Tulipofanikiwa kueleza kwamba mgonjwa ni pikipiki, Mama Esekon alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, kisha akafuta macho akasema haidhuru, imepona vilevile, twende Kakuma tukashuhudie. Alitukatalia kuondoka bila kula. Tulikaa mkekani tukala ugali na maharagwe kwenye sufuria moja, chai ya maziwa ya mbuzi, na vitunguu vya dereva vilivyokatwa vikubwavikubwa. Wakaomba samaki, wakapewa. Wakaomba tumbako, wakapewa. Mmoja akaomba kofia yangu ya pikipiki, na huyo sikumpa, akasema sawa, alikuwa anajaribu tu.

Ilikuwa saa saba na kitu. Niliondoka pale nimeshiba, nimejaa imani, na sijui kabisa Loreng anaumwa nini.

Mara ya nne: tundu la pili

Alizima mbele ya kibanda cha mafuta ya kupikia.

Nilishuka nikaketi chini. Sikupiga kiki, sikushika spana. Plagi ilikuwa imepona, kabureta imepona, maombi yamejibiwa, na bado tumekwama. Milima ya Pelekech ilishaonekana, Kakuma si mbali tena. Kilichoniumiza ni kufikiria baba atakavyosikia gari la vyuma likiondoka na jina lake.

Mwenye kibanda alikuwa mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, jina lake Nyandeng, anayeishi kambini Kakuma na huleta mafuta kuuza kwenye vituo vya barabarani. Wanawake watatu walikuwa wamepanga foleni na vichupa vyao. Nyandeng alikuwa amefungua debe jipya kwa kulitoboa tundu moja pembeni, akaliinamisha. Mafuta yalitoka kidogo, yakasita, yakatoa tone, yakasita.

"Nyandeng, tutalala hapa?" alilalamika mmoja.

"Ngoja, ngoja, mama." Akasimamisha debe, akachukua msumari, akatoboa tundu la pili upande wa pili. Akainamisha tena. Mafuta yakamiminika, mstari mmoja mnene unaong'aa, mpaka kichupa kikajaa.

Sijui kwa nini niliuliza. Mimi mwenyewe nimeona watu wakitoboa madebe hivyo tangu nikiwa mdogo. "Hilo tundu la pili ni la nini?"

Nyandeng alinitazama kama anayeulizwa mdomo ni wa nini. "Moja ya mafuta kutoka, moja ya hewa kuingia. Hewa haingii, mafuta hatoki. Mama yako hakufundisha wewe?"

Niliinuka polepole. Nikaenda kwa Loreng. Nikashika kifuniko cha tangi, kikakataa, nikakaza mkono, kikaachia. *Fyuuu.* Nikaitoa karatasi yangu ya mkate, ile ya kujivunia, iliyokunjwa mara mbili. Chini ya kifuniko kuna kijitundu, kidogo kama cha sindano, na mimi fundi wa sindano nilikuwa nimekiziba kwa mikono yangu mwenyewe mwezi mzima.

Yote yakanijia kwa pamoja. Petroli ilikuwa inatoka mpaka tangi likose hewa, kisha inagoma kushuka. Kila tulipokwama, mtu alifungua tangi kuangalia mafuta, hewa ikaingia, na pikipiki ikapona. Kisha tukafunga karatasi vizuri, tukasugua plagi, tukamwaga mchanga, tukaomba, na kila dawa ikafanya kazi! Mimi ndiye niliyekuwa nikimnyonga Loreng, na wasafiri wema walikuwa wanasimama kunipongeza kwa fundo.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Nyandeng akaacha debe lake akaja kuona. Nilipomweleza naye akacheka, akawatafsiria wenzake kwa Kiarabu cha Juba, nao wakacheka, na mpaka leo nadhani pale kituoni mimi ni hadithi.

"Kwa hiyo maombi hayakufanya kazi?" Baba mdogo aliuliza, na niliona lile jambo linamsumbua.

"Yalifanya, Baba mdogo. Yalitufikisha kwa Nyandeng."

Akaridhika. Nyandeng akapewa samaki wawili wakubwa, akakataa mmoja, akabembelezwa, akachukua wote. "Kalas, imekwisha," alisema. "Nenda. Na karatasi tupa."

Laga

Jamani, nguvu! Nilikuwa nimesahau Loreng ana nguvu kiasi gani. Gia ya nne, mafuta nusu tu, na bado anataka zaidi. Koti la Baba mdogo lilipepea nyuma, na nilimsikia akiimba wimbo wa kanisa kwa mwendo usio wa kanisa. Nilipiga kelele peke yangu barabarani. Saa nane na nusu! Kakuma tungefika na muda wa kunywa chai.

Ndipo tukafika kwenye laga, mto wa msimu, pale barabara inaposhuka na kupita juu ya mchanga, na mchanga haukuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai, yanakimbia, yamebeba matawi na kiatu kimoja. Juu yetu mbingu nyeupe, hakuna wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, na maji yakaja bila kubisha hodi, kama kawaida yao.

Magari mawili yalikuwa yamezimwa upande wetu, madereva wamelala. Wanaume sita walikuwa wamekaa ukingoni na miti miwili mirefu. Kazi yao ilikuwa wazi. Wanapitisha miti kwenye magurudumu, wanainua, wanavusha.

"Maji inaisha saa ngapi?" niliwauliza.

"Labda saa moja. Labda kesho," alisema mkubwa wao. "Sisi tunabeba. Piki yako nyepesi. Wapi tumbako?"

Nilimvuta Baba mdogo pembeni. Nikingoja, saa kumi itanikuta ukingoni na Loreng ameuzwa. Nikikubali, amebebwa.

"Baba mdogo," nilimwambia, "ule mlima ni mzuri sana. Geuka uutazame kidogo."

"Nimeshaona mlima. Na wale watu pia nimeshawaona."

"Ukifumba macho?"

"Nitasikia."

"Sasa nifanye nini?"

Alinitazama kwa upole, na hapo nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja. "Mimi ni shahidi, mwanangu. Sijui kuamua. Lakini mtu aliyefika akahukumiwa ana mdomo wa kujitetea. Aliyebaki ukingoni hana."

Nikawapa ishara. Wakapitisha miti, wakahesabu, wakainua, na Loreng akapanda hewani juu ya mabega ya watu sita, tairi zikining'inia. Waliingia majini wakiimba wimbo wa kuitikiana. Nikawafuata nimekunja sketi mpaka mapajani, maji yakinivuta. Baba mdogo akaja nyuma, kigoda kichwani, samaki waliobaki juu ya kigoda, na ng'ambo akawagawia wale wanaume samaki hao wote. Kwa Ewoi ikabaki karatasi yenye harufu.

Kakuma

Tuliingia kwa Ewoi saa tisa na robo. Kando ya ua palikuwa na pikapu yenye mizani nyuma, na mnunuzi mwenyewe, kijana mpole aliyevaa glavu. Baba alikuwa kwenye kiti chake kivulini, ukutani. Ewoi aliniambia baadaye kwamba baba alisikia injini kabla ya mtu yeyote, akanyoosha kidole upande wa barabara na kusema, "Anakuja. Na leo anapumua vizuri."

Niliruka chini nikaeleza yote pumzi moja: karatasi, kijitundu, Nyandeng, debe. Ewoi alicheka kwa karatasi ya mkate, niliyokuwa sijaitupa, akaishika mkononi, akaitikisa mbele ya mnunuzi. Kidogo tu nidhani nimeshinda. Kisha akamgeukia Baba mdogo.

"Ilivutwa?"

"Haikuvutwa."

"Ilibebwa?"

Nilitazama chini. Niliona vidole vyangu vya miguu vimejaa matope yaliyokauka.

"Ilibebwa," alisema Baba mdogo. "Na watu sita. Laga ilikuwa imejaa. Waliiinua hivi, wakaishusha ng'ambo, ikawaka, ikaja."

Ewoi hakufurahia, nataka mjue hivyo. Alisugua uso kwa mikono miwili. "Akiru, tulikubaliana. Mimi nimechoka kupigiwa simu. Kila simu yako ikiita naona uko chini barabarani na lile lichuma liko juu yako. Basi, acha iende." Na mnunuzi, kwa adabu, akavaa glavu zake vizuri akapiga hatua moja kuelekea kwa Loreng.

"Ewoi," aliita baba.

Baba siku hizi huongea kidogo, na akiongea ni kwa Kiturkana, nami nawaandikia kwa Kiswahili.

"Leo asubuhi nilitoka kitandani mpaka hapa kwa njia gani?"

"Nilikubeba, Apa."

"Jana?"

"Nilikubeba."

"Jumapili kanisani?"

Ewoi alishajua mahali maneno yanapoelekea.

"Huyo Loreng amebebwa mara moja, penye maji," alisema baba. "Mimi unanibeba kila siku, penye nchi kavu. Sasa muulize huyo kijana wa mizani, mimi atanichukua kwa kilo ngapi?"

Mnunuzi, ambaye Kiturkana anakisikia vizuri tu, alivua glavu, akarudi kwenye pikapu yake. Baba mdogo akakohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ewoi alisimama pale katikati ya ua, kisha akaja kwa baba, akainama, akamwinua kama anavyomwinua kila siku, mkono mmoja mgongoni na mmoja chini ya magoti. Lakini hakumpeleka ndani. Alimpeleka kwa Loreng, akamketisha kwenye kiti, akamshika kiuno kwa nguvu asianguke.

Baba alipapasa tangi. Alishika usukani, akauachia. Kisha mikono yake miwili ikapanda juu ya kichwa, ikapinda kama pembe, na akaanza kuimba wimbo wa maksai wake mwekundu, wimbo ambao mimi sijawahi kumsikia akiuimba tangu nizaliwe. Sauti ilikuwa imechakaa lakini maneno yote yalikuwepo.

Aliyemwitikia alikuwa Ewoi. Sikujua kwamba anaufahamu.